Rundo Langu la Mawe

Mpaka leo, nikisugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mzeituni wa porini, ule moshi ukinipanda puani, hasira yangu huamka. Ndiyo kazi nilikuwa nafanya ile asubuhi, nikiwa msichana mdogo huko kwetu Kajiado, chifu alipomwambia baba atoe mtoto mmoja aende shule.

Mimi niliitaka hiyo shule. Nilikuwa hata nachora herufi za uongo kwenye vumbi. Dada yangu Nashipae hakuitaka. Yeye alitaka kulala tu mpaka ndama wanyonye maziwa yote.

Baba akachuchumaa kwa lango la boma, akatusimamisha mbele yake. Anataja jambo, anaweka jiwe miguuni mwa anayelifanya vizuri. Nani anakamua bila kupigwa teke? Jiwe kwangu. Nani hapotezi mbuzi? Kwangu. Nani hutumwa bila kununa? Kwangu tena. Nashipae alipata moja, la kuimba.

Rundo likapanda, jamani, na mimi kichwa kikapanda nalo. Nikamnong'oneza, "We Nashipae, utanifulia sare!"

Baba akayatawanya mawe kwa fimbo.

"Nashipae aende. Huyu mwingine ni wa maana, siwezi kumtupa."

Nashipae alienda akilia. Mimi nikabaki nikilia, na ng'ombe wakangoja.

Miaka ya tisini, nikiwa na boma langu huku Kisaju, baba alikuja, mzee sasa, na habari za mume aliyemtafutia binti yangu Naisula. Nikampa chai, nikamwacha apime sifa za huyo mume. Ukoo mzuri. Ng'ombe wengi. Si mbali. Mama mkwe mpole. Akapima mchana mzima, na mimi, "Ee, baba. Ee." Hata nikamwongezea chai ndio aendelee.

"Basi tumekubaliana, nakerai, mtoto wangu?"

"Naisula yuko shule ya bweni Kitengela tangu Jumatatu. Aliniomba."

Akaweka kikombe chini. "Mtoto mzuri vile?"

"Mzuri sana, baba. Ndiyo sababu nimempeleka."

Aliondoka bila kuaga, na jua bado kali. Sikumwita arudi.

Utotoni nilidhani baba alinichukia. Uzeeni ndio nimeelewa: alinipenda, vile mtu hupenda ng'ombe wa maziwa. Yote aliyopima yalikuwa ya faida yake. Mimi nilitaka nini, hilo hakuliuliza. Alikufa hajaliuliza, na mimi sijamsamehe.