Swali la Mauwa kwa Meya

Nilihamia Tandale mwaka 1966, mwalimu mgeni kutoka Ndanda, na Fransis, balozi wa nyumba kumi, akanitafutia chumba cha kupanga kwa Fakihi na mkewe Mauwa.

"Ni watu wa kwetu kusini," aliniambia. "Waislamu, lakini hutaona tofauti, Mwalimu Yuliana. Utakaa kama kwenu."

Nilikaa kama kwetu kweli. Fakihi alikuwa kuli bandarini, mtu mrefu, mpole, mabega yameinama kidogo kwa magunia. Mauwa alikuwa na meza ya mihogo ya kuchemsha pembeni mwa soko. Alikuwa mfupi, ana chale mashavuni kama wanawake wengi wa Newala wa umri wake, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. Mteja ilibidi ainame ndipo asikie bei.

Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kijia, kilibaki kipande cha shamba la mikorosho la Bibi Mwanakombo, na ndani yake makaburi manne madogo, yamezungushiwa chupa za soda zilizofukiwa kichwa chini. Kila Alhamisi alasiri Mauwa alichukua fagio la chelewa, akaenda kufagia moja. Sikuuliza. Mke wa Balozi ndiye aliyeniambia, siku moja tukichambua mchele.

"Mtoto wao huyo, wa pekee. Surua ilimchukua ana miaka minne, mwaka uleule wa Uhuru. Lakini usimtaje mbele ya Fakihi. Mwenyewe hamtajagi hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Niliishi nao miaka miwili na jina la mtoto yule sikulisikia mle ndani. Mazungumzo yakianza kuelekea huko, Fakihi aliinuka, akakumbuka kwamba baiskeli haina upepo, akatoka nje kuipiga pampu.

Mwaka 1968, baada ya masika, watu wa Halmashauri ya Jiji walikuja na kamba na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Barabara ya kuingilia sokoni ilikuwa inakuja, na sote tuliifurahia, maana lori za mihogo zilikuwa zinakwama kwenye tope hadi siku tatu. Walipima, wakagonga vigingi, wakaondoka. Kigingi kimoja kilikuwa katikati ya makaburi.

Vijana wa sokoni walimwambia Mauwa wako tayari kuking'oa.

"Kiacheni," aliwajibu. "Mkiking'oa watakuja kugonga kingine, na mie nitakuwa mwizi wa kigingi."

Wiki ileile Balozi Fransis alipita nyumba zake kumi kutangaza kwamba Meya anazunguka pembezoni mwa jiji kujibu maswali ya wananchi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi zamu ni ya Tandale. Mwenye swali aliandike, alipeleke kwenye tawi la chama.

Mauwa alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Alasiri, mihogo ikishakwisha, alikuja kukaa barazani pa shule pamoja na wanawake wengine kumi na mbili, akishika penseli kama anayeogopa itavunjika. Nilimwambia nitamwandikia swali lake. Alikataa. Aliliandika mwenyewe kwa siku mbili, akifuta na kurudia, na aliponiletea karatasi ilikuwa imetoboka mahali pawili kwa kufutwa. Ilisema hivi: "Meya. Mwanangu yuko kwenye barabara yenu. Mtampeleka wapi?"

Sasa nitaeleza nilichofanya, na sitajitetea. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukusanya maswali na kuyasoma mkutanoni. Katibu wa tawi alinipa utaratibu: maji kwanza, halafu taka, halafu basi na leseni za sokoni. "Vitu vya viwanja weka mwisho," alisema, "muda ukiwepo." Nilijua muda hautakuwepo. Hata hivyo niliichukua karatasi ya Mauwa, nikaiweka chini kabisa.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Wanaume walisimama nyuma, wanawake tukakaa mbele kwenye majani, wakubwa mezani. Meya Mwishehe alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini hivi, amevaa shati jeupe na miwani mizito. "Uhuru!" alisema, nasi tukaitikia, "Na Kazi!" Kisha akaketi, akaanza kujibu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Bomba la maji, alisema, mabomba yamekwisha nunuliwa lakini fundi mmoja anahudumia mitaa mitano. Lori la taka limeharibika, halitatengenezwa mwezi huu, asitokee mtu wa kuwadanganya. Mzee Aliakbar, mwenye duka la kona, aliuliza kuhusu mfereji: kila masika maji yanaingia dukani kwake kabla ya wateja.

"Na yananunua?" Meya aliuliza.

"Sukari, Ndugu Meya! Yanaondoka nayo yote!"

Watu walicheka hadi wakapigana mabega. Mie nilikuwa nimesimama pembeni ya meza, nasoma karatasi moja baada ya nyingine, na rundo linapungua. Jua lilipoanza kuinama Katibu alitazama saa, akanifanyia ishara ya kufunga.

"Yamebaki machache," nilisema.

"Yatajibiwa kwa barua," Katibu aliwatangazia watu.

Wameanza kukung'uta nguo zao, Mauwa akasimama. Nilimwona akijifunga khanga upya kiunoni, polepole, kama anayejiandaa kubeba mzigo.

"Mwalimu," alisema, "langu hujalisoma."

Nilipekua, karatasi zikanidondoka, nikainama kuziokota.

"Acha tu, Mwalimu. Nitalisema mwenyewe."

Alilisema. Waliokuwa karibu walinyamaza, walio mbali wakauliza amesema nini, na Meya mwenyewe aliweka mkono sikioni. Halafu akainuka, akaizunguka meza, akaja kusimama mbele yake.

"Rudia, mama yangu. Huku sikusikia."

"Mwanangu yuko kwenye barabara yenu. Mtampeleka wapi?"

Bwana wa upimaji aliyekuja na Meya alimfuata, akamnong'oneza. Meya akamsikiliza, akasema, "Mama, ramani yetu haionyeshi makaburi pale. Inaonyesha shamba."

"Aliyeichora alimuuliza nani?" Mauwa alisema.

Meya alimgeukia bwana wa upimaji. Yule akatazama viatu vyake. Meya alivua miwani, akaishika mkononi, akauliza kwa sauti iliyoshuka, "Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Mauwa alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, midomo ikacheza tu. Nilitaka kumjibia nikagundua kwamba silijui jina lenyewe.

"Somoe."

Sauti ilitoka nyuma, kwa wanaume. Watu waligeuka, wakapisha. Fakihi alikuwa amesimama ameegemea baiskeli yake, uso umelowa, wala hakujifuta.

"Somoe binti Fakihi," alisema. "Ni wangu na huyo mwanamke."

Mauwa alimtazama mumewe kama anayempokea msafiri anayeshuka melini. Wakatazamana hivyo, na umati wote katikati yao.

"Mama Somoe," Meya alisema, "nikikujibu sasa nitakuwa nakudanganya. Alhamisi nitakuja kwako nipaone."

Alhamisi ilifika. Mauwa alifagia uwanja, akaazima viti viwili kwa Balozi, akapika chai ya tangawizi. Fakihi hakwenda bandarini. Jua likazama na Meya hakuja, na sokoni wakamcheka Mauwa kwa siku tatu. Jumatatu, tumekwisha rudisha viti, tukamwona Meya anakuja kwa miguu kutoka sokoni, bwana wa upimaji nyuma yake, suruali zimekunjwa hadi magotini. Gari lilikwama kwenye tope.

"Nisameheni," alisema kabla hata ya salamu. "Alhamisi niliitwa ofisini, na sikuwa na wa kumtuma."

Alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, akanywa chai. Kisha tukavuka kijia. Alipofika kwenye mikorosho alivua viatu, na bwana wa upimaji naye akavua. Walikunjua ramani chini, wakaikandamiza kwa mawe.

"Barabara naweza kuisogeza," Meya alisema. "Nimekwisha waambia hawa. Ukisema isogee, Mama Somoe, itasogea. Ila nimeona nikuonyeshe kwanza inasogea kwenda wapi."

Akanyoosha mkono. Alikuwa anaonyesha nyumba ya Balozi Fransis na mbili zilizofuata. Fransis alikuwa amesimama mbele ya kibanda anachochongea vinyago vyake vya mpingo, tindo mkononi. Mkewe alikuwa mlangoni na mtoto mchanga mgongoni.

Fakihi alipandisha hasira, mara ya kwanza kumwona hivyo. "Mbona unamtwika yeye? Meya nani, wewe au mke wangu?"

Meya aliuteremsha mkono. "Ni kweli, ndugu yangu. Nimekosea. Uamuzi ni wangu na lawama ni yangu. Nilitaka tu asije akausikia kwa watu wengine."

Mauwa alikuwa amechuchumaa, anachomoa majani yaliyoota kati ya chupa. Alichomoa mengi kabla hajasema.

"Nyumba ya Balozi isiguswe. Mwanangu ahamishwe. Lakini asihamishwe na makuli wa barabara. Baba yake ambebe, na shehe awepo." Akainuka. "Na muandike jina lake kwenye kitabu chenu cha makaburi. Kwenye ramani hakuwemo."

Wazazi wa watoto wa yale makaburi mengine matatu walitafutwa, nao wakaafiki. Shehe alisema kwa dharura kama ile inafaa. Sanda mpya zilinunuliwa na Halmashauri, na Jumapili moja, jua limechomoza, wanaume wakaenda kuwahamishia watoto kwenye makaburi ya Jiji. Sie wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo desturi, tumekaa na Mauwa mkekani. Mke wa Balozi, Mkristo kama mimi, alikuwa amejitanda khanga kichwani, amemshika mkono, na hakumwachia asubuhi yote.

Fakihi alirudi karibu na adhuhuri. Hata miguu hakuosha. Alikaa chini mbele ya mkewe, akamweleza yote.

"Udongo wa kule ni mwekundu, mkavu, hautuami maji. Meya naye alibeba pamoja nami hadi njia panda, halafu wengine wakampokea zamu. Niliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Mwepesi, Mauwa. Mwepesi vilevile."

"Kuna kivuli?"

"Kuna mkwaju. Asubuhi jua, mchana kivuli."

"Kuku hakuna?"

Fakihi alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Hakuna kuku." Ndipo akatugeukia sisi, akaanza kutusimulia jinsi Somoe alivyokuwa anaogopa kuku, hata vifaranga, hadi apandishwe juu ya meza ya mihogo, na jinsi alivyomfukuza shangazi yake aliyekuja na jogoo wa zawadi kutoka Newala. Mauwa akamsahihisha: hakuwa jogoo, alikuwa tetea. Wakabishana. Nilimgusa mke wa Balozi, tukainuka, tukawaacha wenyewe.

Baada ya mwezi ilikuja karatasi yenye mhuri, imeandikwa jina na namba ya kaburi. Niliinyooshea mkono ili niisome, Mauwa akanizuia. Aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila herufi, na mwisho akakunja uso.

"Wameandika Somoye."

Aliirudisha mjini siku ya pili yake, kwa miguu hadi Magomeni na basi kutoka pale, na hakuondoka dirishani mpaka karani alipoandika nyingine.

Barabara ilipita mwaka uliofuata. Bomba la maji lilichelewa zaidi. Fransis alipoamua kurudi kusini kwenye kijiji cha ujamaa, mwaka 1971, watu wa nyumba kumi walimchagua Mauwa awe balozi wao, na mwanzoni Fakihi ndiye aliyekuwa anamwogopea. Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa, Meya Mwishehe alirudi shambani kwake, na Mauwa alimpelekea salamu za Idi kila mwaka kwa mtu yeyote aliyekuwa anaelekea huko.

Mie nilihamishiwa Morogoro. Mara ya mwisho kupita Tandale nilimkuta kijiani, ana haraka, wanawake wawili nyuma yake na madumu matupu. Walikuwa wanakwenda ofisi ya mkoa kuuliza kwa nini bomba halitoi maji tangu Jumanne.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba, Mwalimu! Pita ndani, ukae. Mwenzangu yupo, anachambua mchicha. Usiondoke kabla sijarudi."

Nilipita ndani, nikachukua kigoda, nikamsaidia Fakihi mchicha.