Kivuli Kwenye Picha ya Malindi

Nilipewa kikombe kwa picha ambayo sikuipiga, na ukumbini mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kulijua hilo.

Mada ya mashindano ya klabu yetu ilikuwa vivuli. Sote tulikwenda kuwapiga picha wachukuzi wa Malindi, tukasafisha filamu katika chumba kimoja cha giza. Kwa pupa yangu nilichukua filamu iliyoning'inia karibu, nikachapa.

Jukwaani nikajigamba nilivyochuchumaa na kulivizia jua.

Bi Zuhura, mwanamke pekee klabuni, akainua mkono. "Hongera, Bwana Haji. Lakini kivuli cha mpiga picha hapo chini kimevaa buibui. Uliliazima kwa nani?"

Mwamuzi akavaa miwani, akaisogelea picha. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, na sikujua nikiweke wapi.