Ndoana Iliyokosekana Uani

Hata leo naikumbuka ile asubuhi niliyotoka uani kwetu nikahesabu ndoana, nikapata sita badala ya saba. Juzi, mwanangu, ulinionyesha kwenye simu vijana wa mbali wakimnyanyua samaki mkubwa kwa mikono miwili, ukaniuliza, "Babu, na nyie mlikuwa mnavulia chambo gani?" Nilicheka tu, nikakwambia nitakujibu siku nyingine. Sasa nakujibu, na jibu lenyewe ni refu kuliko swali, kwa hiyo weka simu pembeni.

Huko kwetu, njia ya kwenda Njinjo, mto ukipungua wakati wa kiangazi huacha mabwawa, na kambare wakubwa hubaki humo. Wenzangu walivua kwa nyungunyungu wakapata wadogo wadogo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini, mbishi, ninayependa kusifiwa. Nikatafuta chambo changu mwenyewe. Nilichukua mashudu ya ufuta, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, nikayatwanga, nikachanganya na unga wa mtama na dagaa waliosagwa. Nilikanda kwa maji ya moto, nikafunika kwenye kopo siku mbili mpaka ukilifungua unageuza uso kwa harufu. Kisha nikafinyanga mabonge ya ukubwa wa ndimu na kuyaanika yakauke yawe magumu, maana bonge laini linamalizwa na perege wadogo kabla kambare mwenyewe hajafika.

Na ujanja wangu mkubwa ulikuwa kwenye ufungaji. Wengine huichomeka ndoana ndani ya chambo. Mimi niliona bonge gumu linaziba ncha, samaki anatema anakwenda zake. Basi nikalifunga bonge kwa kiuzi kifupi chini ya ndoana, ndoana yenyewe ikabaki wazi. Kambare anafyonza bonge, na ndoana inafuata. Akijaribu kutema, imeshamshika mdomo. Siku niliyomtoa wa kwanza, mrefu kama mkono wangu mzima, nilimpitisha kijijini kwa njia ya mzunguko ili kila mtu amwone. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Ndoana zikishafungwa mabonge yake nilizitundika kwenye fito za ua zipigwe jua. Mama alinigombeza. "Hivyo vitu si vya kutundika watu wanapopita." Nikamwona hajui kazi.

Sasa ile asubuhi ndoana moja haikuwapo, na chini ya fito palikuwa na kinyesi kibichi cha mbuzi. Mbuzi wanapenda mashudu kupita kiasi, hilo kila mtu wa huku analijua. Kabla sijafikiri vizuri nikasikia kelele kwa jirani yetu, Mzee Abdala. Mbuzi wake jike, aliyemweka kwa ajili ya akika, sadaka ya kuzaliwa kwa mjukuu wake, alikuwa amesimama kanyoosha shingo, mate yanamchuruzika, hagusi jani. Nilipomwona tu, nilijua.

Ningesema pale pale, yangeisha pale pale. Lakini Mzee Abdala alikuwa na hasira, na hasira yake ilishapata pa kwenda. Wiki moja kabla, mbuzi huyo aliingia kwenye kunde za Bi Somoe, mjane aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani kwake, na Bi Somoe akasema kisimani watu wakisikia, "Mbuzi huyu akirudi kwenye kunde zangu, kwenu harudi." Maneno ya mtu aliyeliwa kunde zake, basi. Mzee Abdala akasimama njiani akapaza sauti, "Somoe kamtilia mbuzi wangu dawa ya kupulizia mikorosho!"

Nami nikanyamaza. Nikajiambia, labda ndoana imeangushwa na upepo. Nikajiambia, mbuzi atapona. Nikajiambia, mimi sijamtaja mtu. Unaona, mwanangu, jinsi mwoga anavyojua kujitetea mbele ya nafsi yake. Niliogopa kulipishwa mbuzi, lakini zaidi niliogopa kuchekwa, kwamba fundi wa kuvua kambare kamvua mbuzi.

Kesho yake vitumbua vya Bi Somoe vililala. Hakuna aliyetangaza wala kukatazwa. Watu walipita tu upande wa pili wa njia, wakiongeza mwendo, na mama mmoja alimvuta mwanawe mkono. Nani atakula vya mtu anayesemwa ana sumu nyumbani? Na Bi Somoe hakuwa na kazi nyingine. Kwa kile kikaango ndipo alipopata sukari yake, sabuni yake na mafuta ya taa.

Siku ya tatu nikapita kwake nikijifanya nina haraka. Akaniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Njoo ule, leo hata usitoe kitu. Vitaharibika." Akaniwekea vitumbua vinne kwenye kisahani, vya moto, vimeiva vizuri pembeni. "Wewe ndiye uliyebaki unayekula mkono wangu."

Nilikiuma kimoja. Nilikaa pale na tonge mdomoni, naye ananitazama kwa furaha kwa sababu kuna mtu anakula. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia asubuhi ile. Nikainuka bila kuaga, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdala.

Nilimkuta anamnywesha mbuzi maziwa ya kuondoa sumu, maziwa yanarudi. Nikamwambia. Sikupamba. Alinisikiliza, akakiweka kikombe chini, akamwita mtu wa kuchinja haraka mbuzi asije akafa mwenyewe akawa kibudu. Walipompasua koo ndoana ilikuwa pale, na kiuzi changu, na kipande cha bonge.

Nilingoja anipige. Nafikiri ningeshukuru. Akaiosha ile ndoana, akaishika kiganjani, akasema taratibu, "Ungeniambia siku ile ile ningegomba, nikamaliza. Mbuzi ni mbuzi. Lakini umeniacha siku tatu namsingizia mjane wa watu, na wewe unanitazama. Hilo nitamwambia nini Mungu?" Na machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Hapo ndipo nilipojua kwamba kimya changu kilikuwa kimemtia na yeye dhambini.

Tukaenda wote wawili kwa Bi Somoe. Mzee Abdala akamwomba radhi kwanza, mbele ya watu, na Ijumaa akairudia msikitini baada ya sala, nami nimesimama kando yake. Lakini siku ile barazani, mzee alipomaliza, Bi Somoe alinigeukia mimi.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua, bibi."

"Na asubuhi hii, nilipokupa vitumbua, ulikuwa unajua?"

Sikuweza kujibu. Hakunitukana. Alikichukua kile kisahani kilichobaki na vitumbua vitatu na nusu, akaingia ndani. Alinisamehe baadaye, aliniambia kwa mdomo wake, na nilimlimia kunde zake misimu miwili. Wateja wakarudi, ingawa si wote.

Ungedhani yameishia hapo. Miaka mingi baadaye, Bi Somoe akiwa ameshafariki, nilikwenda kijiji cha Pande kwenye msiba. Tumekaa tunazungumza, mama mmoja nisiyemjua akamkanya binti yake asile ovyo njiani, akasema, "Huko njia ya Njinjo palikuwa na mwanamke anakaanga vitumbua, aliua mbuzi wa jirani kwa sumu." Alisema kwa uhakika kabisa. Nilisimama nikamweleza, na waliokuwa karibu wakanisikia. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa nikijiuliza ni vijiji vingapi vingine ambako jina lake linatajwa hivyo na mimi sipo. Ukweli wangu uliondoka siku tatu nyuma, na mpaka leo haujaufikia ule uongo.

Basi chambo nimekupa, mwanangu, na ufungaji nimekupa. Kausha mabonge yako ndani ya kikapu chenye mfuniko, na hesabu ndoana kabla ya kulala. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: utakosea, hakuna atakayeishi bila kukosea. Siku utakapoona mtu mwingine anabeba kosa lako, usisubiri upate maneno mazuri, wala usisubiri uone kama atalimudu. Nenda saa ile ile, hata ukiwa unatetemeka, hata wakikucheka mji mzima. Kicheko cha watu huisha ndani ya wiki. Mimi nina zaidi ya sabini, na lile swali la pili la Bi Somoe bado sijalijibu.

Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kusema siku ya kwanza, akulinde na kimya kibaya, na jina lako likitajwa usikokuwapo, awepo mtu wa kulisimamia. Amin.