Lugha Aliyobaki Nayo Mama

Hata leo, nikisikia mwanamke wa Zambia akisema "mukwai", neno lile la heshima la Kibemba, mwili hunisisimka. Najiona tena nimekaa chini ya meza ya mama katika soko la Tunduma, katikati ya harufu ya dagaa wakavu na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nilikuwa darasa la tatu. Wateja wa Zambia walipofika, mama aliweka Kiswahili kando na Kibemba kikamtoka bila kusita. Mimi nilikiokota hapohapo, bila mtu kunifundisha.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, maana baba alikuwa Mnyiha wa Nanyala na mama Mndali wa Ikinga. Kibemba baba hakukitaka kabisa. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na alisema ana lugha za kumtosha.

Asubuhi moja mama alianguka akifua nguo. Alipozinduka hospitalini, upande wake wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umepinda. Nikawasikia watu wazima wakinong'ona kwamba ni kiharusi. Siku nilipoingizwa wodini, baba alikuwa amemshika mkono, akimsemesha Kiswahili, kisha Kinyiha. Mama alimtazama tu. Bibi, mama yake mzazi, aliyefika na vumbi lote la njia ya Ileje, akamsemesha Kindali, lugha aliyomlea nayo. Kimya. Mara mojamoja mama alitoa sauti za kukatikakatika, na mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Masikini, anaweweseka."

Nikasogea kitandani, nikasema lile tulilozoea kutaniana sokoni.

"Mwapoleni, mayo." Yaani, hujambo, mama.

Macho yake yakanigeukia. "Eya, mukwai," akaitikia. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimsikia vizuri. Kisha akasema, "Ndefwaya amenshi."

"Anataka maji!" nikapiga kelele wodi nzima.

Muuguzi akaja, akamwinua kichwa na kumnywesha taratibu kwa kijiko. Machozi yakamtiririka mama mpaka kwenye mto. Bibi akajishika kichwa: "Huyu nimemzaa mwenyewe, leo ananikalia kimya, anamjibu mtoto Kizambia!" Watu wakacheka. Yeye alikuwa analia.

Daktari alituita pembeni. "Lugha zake hazijafutika," alisema. "Mtu wa lugha nyingi hana chumba cha kila lugha kichwani. Zote zinaishi pamoja, zinasaidiana, zinasukumana. Kilichoumia ni njia ya kuzifikia. Kwa mmoja hutangulia lugha ya utotoni, kwa mwingine ile anayofanyia kazi kila siku. Msemesheni zote, msichoke."

Nje, baba alichuchumaa ukutani. Sikuwahi kumwona hivyo. "Miaka yote hii, mimi amenipoteza, wateja anao," alisema, kama anajisemea. Nikachuchumaa kando yake. Baadaye akaniuliza, "Atu, maji wanayaitaje?"

Ndipo nikawa mwalimu wa baba yangu. Mama aliporudi nyumbani, kila jioni baba alinawa saruji mikononi, akakaa kigodani, akarudia maneno nyuma yangu kwa lafudhi nzito ya Kinyiha. Nami nilikuwa mwalimu mkali! Bibi alikataa kurudi Ikinga. Kutwa alimsimulia mama habari za kwao kwa Kindali, kana kwamba anajibiwa.

Jioni moja baba akaona yuko tayari. Akachota kikombe cha maji, akainama mbele ya mkeka wa mama, akasema kwa fahari, "Ndefwaya amenshi."

Alikusudia kumuuliza kama anataka maji. Alichosema ni kwamba yeye ndiye anayetaka.

Mama akakitazama kikombe mkononi mwa baba, akamtazama na usoni. Nusu ya mdomo wake ikacheka. "Si unywe, Baba Atu," akasema, kwa Kiswahili.

Baba akayanywa yale maji yote palepale huku akilia, na bibi akapiga vigelegele.

Kuanzia hapo Kiswahili kilirudi kidogo kidogo. Kindali kilichelewa zaidi, lakini kilirudi bibi angali kwetu, naye akakisikia kwa masikio yake.

Kwa muda mrefu nilijigamba kwamba mimi ndiye niliyemrudisha mama. Nilipokuwa mtu mzima, na mwenye ndoa, ndipo nilipoelewa kazi ya baba. Mimi Kibemba nilikiokota nikicheza. Yeye alikitafuta akiwa na mvi, kwa mtoto wake mwenyewe, akikosea mbele za watu, kwa sababu huko ndiko mke wake alikokuwa na hakutaka akae huko peke yake. Namshukuru Mungu kwamba nilizaliwa na mwanamume huyo.