Bibi Nyamwi na Mguu Wake Mzima

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya masika, miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Sepuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya uwele, na zahanati yetu bado ilinukia chokaa mbichi. Nikifumba macho hata sasa, naliona gari la ng'ombe likitokeza polepole katika weupe ule, kama linaelea.

Ndani yake alilala Bibi Nyamwi, aliyevunjika mguu wa kushoto shambani. Mwanawe alikuwa anawafungua ng'ombe.

"Dada, ningoje tumbebe sote wawili," aliniambia.

Sikungoja. Nilikuwa mhudumu mpya, binti mwenye nguvu zake, na nilitaka tabibu wa zahanati aone ninavyojituma. Nikapitisha mikono chini ya bibi, nikamnyanyua peke yangu. Hatua ya pili tu, ndala ikateleza kwenye saruji iliyolowa. Tukaanguka, yeye juu yangu. Nilisikia kitu kikikatika mgongoni mwangu, kisha yowe lake.

Tulilazwa chumba kimoja. Mvua ilinyesha juu ya bati, nami nikawa nasinzia na kuzinduka, nikiogopa kumtazama. Alasiri ndipo nikathubutu.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu." "Umenibeba kama debe la maji. Debe halina miguu. Mimi ninao mmoja mzima, na mikono yote miwili. Mbona hukuniuliza?"

Mguu wake ulichelewa sana kuunga, akatembelea fimbo mpaka mwisho wa maisha yake. Nami, unaona mwenyewe ninavyoinuka kitini.

Sasa Jumatatu unaanza kazi wodini. Kabla hujamgusa mgonjwa, simama kwanza. Muulize anaumia wapi na anaweza kujiinua mwenyewe kiasi gani. Tazama sakafu, tazama viatu vyako, tazama mnakokwenda ni mbali kiasi gani. Ukiona ni mzito, ita mwenzako, na umsubiri hata kama watu wanakuona mvivu. Halafu sogea karibu, kunja magoti, mwambie mgonjwa kwamba mnamnyanyua, ndipo mmnyanyue kwa pamoja.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, wagonjwa walale mikononi mwako bila hofu, na siku ya kustaafu utoke wodini ukitembea wima.