Maji Niliyoyachota Kabuta

Kazi yangu ya Nchelenge ilikuwa kungoja. Kiwanda kidogo cha mafuta ya kula kilikuwa kikiosha mitambo yake kwa dawa kali, na maji machafu kikiyaweka shimoni. Sasa kilitaka kuyamwaga kwenye kijito ambacho watu huchota maji ya kunywa. Kabla ya ruhusa kutoka, ilibidi mtu apime kama dawa ile inaoza upesi majini au inakaa. Mtu huyo nilikuwa mimi, peke yangu, katika chumba cha kupanga chenye kabati la baridi na betri za sola.

Kipimo chenyewe si kigumu kueleza. Unajaza chupa maji safi, unatia dawa kidogo sana pamoja na matone ya maji ya ziwa yenye vijidudu, kisha unaziba bila kuacha hata kiputo kimoja cha hewa. Chupa zinakaa gizani siku ishirini na nane. Vijidudu wakiila dawa, wanatumia hewa iliyoyeyuka majini. Kwa hiyo kila wiki unafungua chupa chache, unapima hewa iliyobaki, unajua wamekula kiasi gani. Kanuni moja haina mjadala: maji ya ziwa yachotwe mahali ambapo dawa hiyo haijawahi kufika.

Mimi nilichota Kabuta, kwenye bandari ya samaki. Nilijiambia ni kwa sababu njia yake ni nzuri kwa baiskeli. Uongo mtupu. Mimi ni mtu wa Kalemie, Kongo. Kibemba changu kinaishia kwenye salamu, na majirani zangu wa Nchelenge, watu wema kabisa, tukishasalimiana tulibaki kutazamana. Kabuta ndiko wafanyabiashara wa Kongo walikopakia samaki, ndiko nilikosikia Kiswahili. Maji niliyachota kwa dakika mbili, kisha nikakaa pale nusu siku.

Hapo ndipo nilipozoeana na mama mmoja wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, muuza samaki wakavu, mwenye ulimi usio na breki.

"Baba wa machupa," aliniita. "Bantu banapikaka samaki, weye unapikaka maji?"

Nilinuna, maana mimi hununa upesi. Kesho yake nilirudi ili aniite tena.

Nyumbani Kalemie nilikuwa na mke na binti wa miaka sita. Nilikuwa nimewaahidi kwamba siku ya ishirini na nane ikiisha, napanda boti ya Pweto, narudi. Mwanzoni mtoto alilia kila tulipoagana kwenye simu, hata mama yake akaniomba niwe napiga asubuhi ili asilale na machozi. Nilimhurumia. Nitasema kweli, pia nilifurahi kidogo. Chupa zangu hazikunililia.

Siku ya mwisho ilifika na matokeo yalikuwa ya kupendeza: dawa ilikuwa imeliwa karibu yote, tena mapema. Mkubwa wangu aliniambia kwa simu niandike ripoti niitume. Nilifunga begi, nikaenda Kabuta kuaga, na mfukoni nilitia kichupa cha ile dawa, nimwonyeshe mama wa Pweto nilichokuwa nikipika muda wote ule.

Alifungua, akanusa, akacheka.

"Ah, baba! Hii njo ile yetu!"

Alinyoosha kidole mahali pa kuoshea mabeseni ya samaki, penye pipa la buluu lililokatwa kichwa. Nilikuwa nimeliona kila siku, sikuuliza ni la nini.

"Bantu ba kiwanda banatuletaka mapipa, shiye tunabapatia samaki. Ndani munabakiaka dawa kidogo. Njo tunasukuliaka mabasani, hapa hapa, tokea mwaka yenye ilipita."

Nilimwuliza tena, polepole, kana kwamba Kiswahili ndicho kilichokosea.

"Ni hii kabisa. Mwanzo ilikuwa inaua tusamaki tudogo, tunaelea pale. Sasa hapana tena. Maji ilishazoea."

Niliketi juu ya kreti. Vijidudu wangu walikuwa wamekula dawa ile mwaka mzima kabla sijawatia kwenye chupa, ndiyo maana waliimaliza upesi. Kijito cha kiwandani hakikuwa kimeionja hata siku moja. Huko samaki wangeelea kwanza, na watu wangeyanywa maji yale kwa ushahidi wangu.

Nikiendesha baiskeli kurudi, niliwakasirikia wanawake wa bandarini, nikakikasirikia kiwanda na mapipa yake. Hasira ikaisha, nikabaki mimi. Hakuna aliyenituma kuchota maji penye maongezi. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba maji yametoka mahali pasipofikiwa na dawa, na nilihitaji kutia alama ya vema. Nani angejua? Mama wa Pweto hasomi ripoti. Boti ilikuwa inaondoka kesho, na mimi nilitamani kwenda nyumbani.

Sikutia alama. Nilimpigia mkubwa wangu nikamweleza, akasema, "Basi, anza upya." Nilimwaga chupa zote. Asubuhi nilichukua ndoo, nikaipita Kabuta bila kusimama, ingawa nilimsikia mama akiniita, nikaenda mbali hadi kwenye matete ambako hapana bandari wala nyumba. Nilichota na kuondoka. Hapakuwa na mtu wa kuagana naye.

Simu ya nyumbani niliiacha mpaka chupa mpya ziwe zimezibwa. Mke wangu alisikiliza, kisha akampa mtoto simu.

"Mama," nilimwambia binti yangu, kama tunavyowaita watoto wetu wa kike, "papa hatakuja wiki hii. Nimekosea kazi. Ni siku nyingine ishirini na nane."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza. Nilingoja alie.

"Bon, papa," alisema. "Haina neno. Nilishazoea."

Alimrudishia mama yake simu, nami nikamsikia akikimbia uani, akicheka na wenzake.