Makinda Niliomwonyesha Jirani

Kila ninapopita karibu na tanuri la matofali, ule moshi wenye harufu ya udongo mbichi ukinipiga usoni, narudi bondeni, chini ya mtaa wetu wa Niboye, mwaka 1991, nikiwa na miaka tisa.

Shangazi Vestine, dada ya baba, alikuwa akikata mafunjo kule ili asuke mikeka. Siku zisizo za shule nilimfuata. Kabla hajashika mundu tulichuchumaa kwanza, miguu ndani ya tope baridi, tukawatazama imisambi, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani. Walikuwa wawili, dume na jike. Waliinamiana kama wakwe wanaosalimiana, kisha wakaruka juu wakicheza, nami nikaziba mdomo kwa viganja nisicheke.

"Ukipiga kelele watahama," Shangazi alininong'oneza. "Na ng'ambo hakuna pa kuhamia."

Ng'ambo watu walikuwa wamechimba udongo wa matofali hadi mafunjo yakaisha, yakabaki mashimo yenye maji ya rangi ya chai.

Mvua zilipokolea, imisambi wale wakaangua makinda wawili. Niwaambie ukweli, siri ya mahali kiota chao kilipo ilinishinda kubeba. Jirani yetu, mzee mpole aliyependa maua, aliniuliza nikichota maji kwenye bomba lake, "Binti, imisambi wako bado kule chini? Mimi siwaoni tena." Nilifurahi kuulizwa na mtu mzima. Nilimpeleka mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole.

Jumamosi iliyofuata makinda hawakuwepo. Wazazi wao walizunguka juu yetu wakilia, na Shangazi akasimama akiyatazama mafunjo yaliyobaki, asikate hata bua moja.

Niliwakuta makinda kwa jirani, bustanini, kati ya mawaridi. "Hapa wako salama," aliniambia. "Kule wachimbaji watawamaliza." Aliamini alichosema. Walipokua, aliwapunguza manyoya ya mabawa kwa mkasi ili wasiruke.

Nilimweleza Shangazi yote huku nalia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulimwonyesha kwa sababu unawapenda?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata yeye anawapenda," akasema.

Tangu siku ile hakukata tena mafunjo upande ule. Alitembea mwendo wa saa nzima kwenda bonde jingine, nami nikadhani amenikasirikia na hataki nimfuate. Wale imisambi wakubwa walionekana siku chache zaidi, kisha wakapotea.

Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba imisambi wa bustanini huishi miaka mingi, ila ni nadra sana kutaga. Na nilikuwa mtu mzima nilipoelewa ile safari ya saa nzima. Shangazi hakunikasirikia. Alikuwa ameyatazama mafunjo yaliyobaki, akaona jinsi mundu wake ulivyowaondolea imisambi maficho, fungu baada ya fungu, hadi kidole cha mtoto kikatosha kuwaonyesha walipo.